Pamba katika Maabara Pepe

Swali: Je, chuo cha ufundi wilayani Bariadi chenye hadubini chache kinaweza kufundisha sayansi ya mimea kwa maabara pepe?

Jibu: Kinaweza, ila kwa sehemu tu. Maabara pepe, yaani programu ya kompyuta inayoiga jaribio na kumwezesha mwanafunzi kubadilisha hali na kuona matokeo, hufaa zaidi pale jambo linapochukua muda mrefu au lisipoonekana kwa macho. Mkoani Simiyu, iliko Bariadi na ambako pamba hupandwa Novemba na Desemba, kosa la nafasi ya upandaji hudhihirika msimu ukiwa umeshapita. Kwenye kompyuta, mwanafunzi hulinganisha kwa dakika chache nafasi ya sentimita 90 kwa 40 na ile ya 60 kwa 30, inayopandisha mashimo ya ekari moja kutoka takriban 11,000 hadi zaidi ya 22,000, akaona jinsi majani yanavyogombania mwanga wa usanisinuru, yaani mmea kujitengenezea chakula.

Mkusanyo wa bure wa maabara pepe uitwao PhET, ulioanzishwa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, mwaka 2002, unaweza kupakuliwa ukatumika bila intaneti, ingawa umeegemea mno fizikia na kemia.

Hata hivyo, programu hujua kile tu ilichowekewa: haina funza wa vitumba aliyejificha ndani ya tunda, wala udongo mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi. Kwa hiyo somo la kompyuta litangulie upandaji, na mtihani wa vitendo ubaki shambani.