Mashine ipi ya kupandia juu?

*Nimepata kazi ya kubadilisha taa za nje za karakana mgodini Geita, mita 9 juu. Chini ni udongo mweusi, na bomba kubwa limepita mbele ya ukuta. Nikodi mashine gani? Fundi umeme, Kahama.*

Fundi, swali lako ni la haki. Jukwaa la mkasi hupanda wima tu, halitavuka bomba, na mengi yametengenezwa kwa sakafu ngumu. Kodi lenye mkono wa kukunjika na magurudumu ya njia mbovu. Kikapu kikifika mita 7 kinatosha, kwani mikono yako itamalizia urefu uliobaki. Lakini udongo huo mweusi wa mbuga ukilowa huzamisha gurudumu upande mmoja, na hapo ndipo mashine hupinduka. Mwaga changarawe, shindilia. Mkanda wa mwili mzima ufungwe kikapuni. Mwenye mashine akikosa cheti cha ukaguzi cha OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, usipande.