Wa Mwisho Kwenye Msururu ni Nani?

Barua ya leo imetoka nyumbani kabisa, Kibirichia huko Meru, kwa binti wa miaka 27 ambaye jina lake nimelifungia kwenye droo. Yeye na marafiki wanne waliosoma pamoja chuoni wamepanga siku sita za pikipiki kaskazini mwa Tanzania. Wataingilia Namanga, waiache lami Longido, wakatize Ketumbeine hadi Ziwa Natron chini ya Ol Doinyo Lengai, kisha watokee Mto wa Mbu kwa kupitia Engaruka. Kuna mwongozaji wa kulipwa na gari la mizigo. Wenzake wanaishi Nairobi na wana pikipiki kubwa za wikendi. Yeye alijifunzia Boksa, pikipiki ya babake ile ya kupelekea waru (viazi) sokoni. "Dada," anaandika, "naogopa kuwachelewesha. Nijifanye mgonjwa niwaachie?"

Usijifanye mgonjwa, mdogo wangu. Mtu aliyeteremsha gunia la waru la kilo 50 kwa Boksa kwenye matope ya mwezi wa nne, gurudumu la mbele likienda linakotaka na yeye akiliacha liende huku ameshika gesi bila kuikata, huyo tayari anajua nusu ya somo la mchanga. Ujuzi huo haupatikani Thika Road. Vumbi la kule Natron ni jepesi kama unga wa ngano, tena limechanganyika na majivu ya volkeno, na kosa kubwa ndani yake ni kushika breki ya mbele kwa hofu. Wewe hofu hiyo uliimaliza ukiwa na miaka kumi na sita (babako asinisikie).

Usichokijua bado ni uzito. Boksa yako ina kilo mia na kitu. Zile pikipiki kubwa za safari, za aina ya BMW GS, hukaribia kilo 250, na zikilala mchangani huziinui peke yako hata ukiwa na hasira. Basi mwambie mwongozaji mapema kwamba wataka pikipiki ya sisi (cc) 250, ambayo miguu yako inafika chini. Wenzako watatania kidogo siku ya kwanza. Siku ya tatu utawaona wanaitamani.

Sasa nikueleze kwa nini nimeichagua barua yako. Njia hiyo niliipita miaka kadhaa nyuma, tukiwa wanawake watatu na wanaume wanne, nami nilikuwa na ugonjwa huo huo wako wa kutotaka kuchelewesha watu. Kutoka Longido nilikuwa wa sita. Wa mbele yangu alikuwa anatimua vumbi, na akili ya kawaida ilitaka nibaki nyuma mpaka litulie, lakini niliogopa kuachwa. Nikamsogelea. Nikawa naendesha ndani ya wingu, sioni jiwe wala shimo, midomo imekauka, mikono imekufa ganzi, na kila tuliposimama wakiniuliza, "Uko sawa?" najibu, "Niko fiti!" Nilianguka saa nane mchana. Kifundo cha mkono kikavimba kama kiazi cha mbegu. Aliyekuwa nyuma yangu alikuwa amenipita zamani, kila mtu akadhani niko na mwingine, na gari la mizigo lilikuwa limeshika njia ya pili. Nilikaa chini ya mgunga kwa saa mbili. Walionikuta ni akina mama wawili wa Kimaasai, wakanipa maji, wakakaa nami, na wakakicheka Kiswahili changu cha Meru mpaka nikasahau mkono.

Mwongozaji yule sitamtaja. Kosa lake lilikuwepo na langu lilikuwepo. Lake ni kutomweka mtu wa mwisho. Langu ni "niko fiti".

Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei na chakula, uliza wanavyoongoza msururu. Waongozaji wazuri hufanya hivi: kila njia panda, aliyemfuata kiongozi anasimama hapo na kuonyesha wenzake upande, haondoki mpaka amwone wa mwisho kabisa, ambaye ni mtu wao, mwenye vifaa vya huduma ya kwanza na redio au simu ya setilaiti. Hapo hata ukienda kwa mwendo wa kobe huwezi kupotea, wala hulazimiki kula vumbi la mtu. Akikujibu kwamba "sisi twaenda kama familia, hakuna atakayeachwa", muulize tena, maana hata sisi tulikuwa familia.

Pia waite wenzako kwenye kikao, hata kama ni kwenye simu, mkubaliane kabla ya kuondoka kwamba anayeenda polepole ndiye anayepanga mwendo. Lisemwe waziwazi, na ulitoe wewe kwanza: "Mimi nitakuwa wa polepole, nikichoka nitasema." Utashangaa ni wangapi watakaoshusha pumzi. Katika kundi la watano huwa wapo wawili wanaoogopa kimya kimya, na mara nyingi mmoja wao ndiye mwenye pikipiki kubwa kuliko zote. Kwenye kikao hicho hicho mzungumze pesa. Pikipiki ya kukodi ikivunjika wenzo wa klachi, analipa nani? Mmoja akiumia siku ya pili, wengine wanaendelea au wanarudi? Urafiki wa miaka kumi umewahi kufia kwenye swali hili, nimeuona.

Makaratasi nitayapitia haraka. Uganda ungeingia kwa kitambulisho, lakini Tanzania beba pasipoti. Cheti cha homa ya manjano kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo usiende kuchanjwa siku ya kuamkia safari. Ukishachanjwa, kinakutosha maisha yako yote. Leseni yako iwe na daraja la pikipiki. Ukienda na pikipiki ya mtu, beba logibuku na barua ya mwenyewe, na Kadi ya Njano ya COMESA. Nisikilize vizuri hapo: kazi kuu ya kadi hiyo ni kulipa hasara utakayomsababishia mtu mwingine barabarani. Kwa mguu wako usiitegemee peke yake. Bima ya mguu wako ni ya safari, na nyingi zina mstari mdogo unaokataa pikipiki au barabara zisizo na lami, basi usome mstari huo kabla ya kulipa. Kisha uangalie mpango wa kukutoa huko kwa ndege. Madaktari wa ndege wa AMREF wapo tangu 1957 na wana uanachama wa mwaka. Ulizia kama unafika upande wa Tanzania. Kwenye vijiji vya Tanzania mwendo ni 50 kwa saa, na trafiki wa kule hawatanii. Malango ya Natron ni mengi, kila moja na ada yake, na kila moja udai risiti.

Nguo. Wewe umezoea masweta mawili na gambuti. Natron iko mita 600 tu juu ya bahari, joto lake ni la tanuri, na mimi nilishuka huko na jaketi la baridi ya Kibirichia kama mtu aliyefukuzwa. Helmeti iwe yako, iliyokukaa, isiwe ya kuazima. Buti ziwe ndefu na ngumu. Gambuti haikingi kifundo. Beba leso, kwa kuwa mbuga haina choo na wanaume wakigeuka nyuma bado ni wanaume. Na ukiwa kwenye siku zako, usinywe maji kidogo ili usisimame njiani. Wengi wetu tumefanya hivyo, na kiu ya joto lile inakulegeza mikono kabla hujatambua.

Mazoezi unayo hapo chini yako. Ule uwanda unaouona asubuhi ukisimama shambani, upande wa Isiolo, una mito mikavu yenye mchanga wa kukutosha. Shuka Jumamosi mbili na mwenzako mmoja, simama kwenye vikanyagio, magoti yalegee, macho yaangalie mbali. Wageni hupanda ndege kuja kupita barabara zetu hizi: mwaka 2007 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walitoka Moyale kwa pikipiki kuja Isiolo kabla lami haijawekwa.

Unaandika pia kwamba mama amesema hii ni kazi ya wanaume. Usibishane naye, mwachie ratiba, namba ya mwongozaji na jina la kila mahali mtakapolala. Halafu siku akiwa na furaha umsimulie Theresa Wallach na Florence Blenkiron, wasichana wawili wa Kiingereza walioondoka London mwaka 1934 na Panther moja ya sisi 600 inayovuta trela, wakavuka Sahara, wakafika Cape Town mwaka 1935. Injini iliwafia huko jangwani na safari ikasimama mpaka ikatengenezwa. Sijasikia mtu akiwasema kwa kuchelewa.

Kesho, kabla hujatuma arubuni, mpigie yule mwongozaji umuulize wa mwisho kwenye msururu ni nani. Akilitaja jina papo hapo, tuma. Akianza kucheka, niandikie tena tukutafutie mwingine.