Kabla Hujateremka Mombasa Kununua Kadi ya Michoro

Vijana wa hapa Rabai wanaohariri video za harusi huniuliza mara kwa mara: kadi gani ya michoro ni bora? Siwezi kujibu mpaka nijue kompyuta yako ni ya aina gani na utaipa kazi gani. Ukiyajua hayo mawili, kadi nyingi dukani zitajitoa zenyewe kwenye hesabu.

Kadi ya michoro ni kibao, mara nyingi chenye feni, kinachochomekwa ndani ya kompyuta. Kazi yake ni kuchora kila picha unayoiona kwenye skrini. Ina chipu, ambayo ndiyo ubongo wake, na ina kumbukumbu yake yenyewe ya kuwekea picha inazozishughulikia. Ikiwa unaandika barua, unajaza fomu za eCitizen au unatazama filamu tu, usinunue. Kompyuta nyingi zina chipu ndogo ya michoro tangu kiwandani, nayo inatosha. Kadi ya kununua ni ya mhariri wa video, mchoraji wa ramani za nyumba na mcheza michezo mizito.

Sasa fungua kasha la kompyuta yako. Wengi wetu tunatumia zile ndogo za ofisini zilizotoka Uingereza, ambazo wauzaji huziita ex-UK: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na wenzao. Tazama karatasi iliyobandikwa kwenye pawa saplai, lile sanduku linalopokea stima na kuigawa ndani. Katika kompyuta hizi nyembamba utakuta wati 180, 240 au 255, na mara nyingi hakuna waya wa ziada wa kuilisha kadi. Basi kadi yako itategemea stima inayopita kwenye tundu inamochomekwa, na tundu hilo hutoa wati 75 kwa upeo. Pima pia urefu na kimo cha nafasi iliyopo. Kasha jembamba linataka kadi yenye kimo kifupi. Ukinunua ya kawaida, kifuniko hakitafunga.

Kwa hiyo kadi kama RTX 3060, inayokula wati 170, haifai kwenye kasha hilo hata ukiipata kwa bei ya kutupa. Zinazofaa ni kama GTX 1650 ya mwaka 2019, yenye gigabaiti 4 za kumbukumbu na wati 75, au GT 1030 yenye wati 30. Lakini kagua kila moja, kwa sababu baadhi ya GTX 1650 zimeundwa na tundu la waya wa ziada.

Hapo kwenye GT 1030 nakuomba utulie. Kuna kadi mbili tofauti zenye jina hilo hilo. Iliyotoka 2017 ina kumbukumbu ya aina ya GDDR5, inayosafirisha gigabaiti 48 kwa sekunde. Ya 2018 ina DDR4, inayosafirisha gigabaiti 16.8 tu. Zote zina gigabaiti 2, na ukiweka boksi la moja kando ya la pili, yanafanana. Ila katika michezo mingi, ya DDR4 hufanya karibu nusu ya kazi ya mwenzake. Mimi niliuziwa ya DDR4 kwa bei ya GDDR5, na nilirudi Rabai nikifikiri kompyuta ndiyo mbovu. Tangu siku hiyo nauliza kwanza aina ya kumbukumbu, halafu ndipo ukubwa wake.

Je, yenye namba kubwa ndiyo yenye nguvu? Si lazima. Tuchukue RTX 3060 ya gigabaiti 12 na RTX 4060 ya gigabaiti 8. Ya kwanza ina viini 3,584, yaani vibarua wadogo ndani ya chipu wanaogawana kazi, na kumbukumbu yake husafirisha gigabaiti 360 kwa sekunde. Ya pili ina viini 3,072 na gigabaiti 272. Kwa karatasi ungechagua ya kwanza, lakini katika michezo mingi, ya pili ndiyo yenye kasi zaidi, kwa kuwa chipu yake ni ya kizazi kipya na ina akiba kubwa ya ndani inayoipunguzia safari za kwenda kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo linganisha namba za kadi za kizazi kimoja na kampuni moja. Zikiwa za vizazi tofauti, tafuta majaribio ya kazi yenyewe: fremu kwa sekunde, yaani picha ngapi kadi huchora katika sekunde moja, au dakika ngapi hutumia kutoa video. Kwa wachoraji wanaotumia programu ya Blender, matokeo yamewekwa bure kwenye opendata.blender.org. Hata hivyo, mchoro mzito usioingia kwenye gigabaiti 8 utakwenda vizuri zaidi kwenye ile 3060.

Usisahau tokeni za stima. Wati 1,000 kwa saa moja ni yuniti moja. Kadi ya wati 170 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa 6 kila siku, kwa siku 30 itakula yuniti 30.6, na ya wati 115 itakula 20.7. Zidisha tofauti hiyo kwa bei ya yuniti iliyo kwenye risiti yako, kisha kwa miezi 12, uone kadi ya bei nafuu itakugharimu nini kwa mwaka.

Mhariri wa video, jihadhari na RX 6400 ya AMD. Inakula wati 53 tu na inaingia kwenye kasha jembamba, lakini haina sehemu ya kubana video wakati wa kuitoa. Pia kwenye kompyuta za zamani hupungua kasi, maana imeunganishwa kwa njia nyembamba iliyokusudiwa kompyuta mpya.

Kwa kadi ya mkono wa pili, usilipe kabla hujaiona ikifanya kazi. Nyingi zilichimba sarafu za kidijitali za Ethereum mpaka Septemba 2022, uchimbaji huo ulipokoma. Beba programu ya bure ya GPU-Z kwenye flashi. Tangu toleo la 2018 inaweza kuzigundua kadi nyingi za GeForce, yaani za Nvidia, zilizobadilishwa jina, nayo huandika FAKE mbele ya jina. Iendeshe kadi kwa robo saa, usikilize feni, utazame joto. Likipita nyuzi 85, tafuta nyingine. Hesabu gharama yote: kadi, nauli ya kwenda na kurudi, na fundi. Gawanya bei ya kila kadi kwa fremu zake, ndipo ujue ipi ni rahisi kweli. Dai risiti yenye jina kamili la kadi, aina ya kumbukumbu na muda wa dhamana.

Ukifika nyumbani, chomoa stima kwanza. Ukishaifunga kadi, waya wa skrini uchomeke kwenye tundu la kadi yenyewe, wala si lile la zamani, la sivyo utaendelea kutumia chipu ndogo. Programu ya kuiendesha ipakue kwenye tovuti ya Nvidia au AMD, kutegemea kampuni iliyounda chipu ya kadi yako. Ni faili la mamia ya megabaiti, hivyo kama bando ni dogo, pitia saiba ya Mazeras ukiwa na flashi.