Mashine Ikitangaza, Nani Atajibu?



Leo tunajifunza juu ya akili mnemba katika redio. Hii ni programu ya kompyuta iliyolishwa maandishi na sauti nyingi mno za watu. Ukiiuliza jambo, inaunganisha maneno kwa kufuata mfano wa yale iliyolishwa. Inaweza kutunga habari, hata kuisoma kwa sauti kama ya mtu. Lakini haijui kweli wala uongo. Ikikosea, hukosea bila kusita, tena kwa maneno mazuri. Na lugha zenye maandishi machache, kama lugha nyingi za makabila yetu, huzikosea zaidi.

Sikia yaliyotokea nchini Poland. Mwezi Oktoba 2024, redio iitwayo OFF Radio Kraków ilianza kutumia watangazaji watatu ambao si watu. Waandishi kadhaa walikuwa wameachishwa kazi kabla ya hapo. Redio ikatoa na "mahojiano" na mshairi Wisława Szymborska. Kumbe mama huyo alifariki mwaka 2012! Wakuu wa redio walisema ni jaribio tu. Watu hawakukubali. Zaidi ya 20,000 walitia sahihi barua ya kupinga. Baada ya wiki moja jaribio likasimamishwa.

Je, redio yetu ya jamii iikatae kabisa mashine hiyo? Hapana. Inaweza kumsaidia mtangazaji kufupisha taarifa ndefu, au kuandika maneno ya mahojiano aliyonasa. Hapo yeye atapata nafasi ya kwenda vijijini.

Lakini fikiri. Redio inatangaza kiasi cha dawa ya kupe cha kuchanganya na maji. Mashine imekosea tarakimu moja. Ng'ombe wako wakifa, utamdai nani? Mashine haina mlango wa kubisha hodi. Mtangazaji unamjua, kesho mtakutana mnadani. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kujibu.

Redio ya jamii ifuate taratibu hizi:

1. Mtu ahakiki kila neno kabla halijatangazwa. Habari za dawa zipitie kwa bwana mifugo au mganga wa zahanati.
2. Wasikilizaji waambiwe mashine ilipotumika.
3. Sauti ya mtu isiigizwe bila ridhaa yake. Marehemu hawezi kutoa ridhaa.
4. Habari za kijiji zitafutwe na watu. Mashine haikuwepo kwenye mkutano wa kijiji.

Redio ya jamii ni mali ya wasikilizaji. Usione haya kuuliza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini watu wa Poland walikasirika?
2. Redio yenu ina taratibu gani juu ya akili mnemba? Chagueni wajumbe wawili wakaulize.
3. Andika barua fupi kwa redio yenu. Taja kazi moja ambayo mashine inaweza kusaidia, na moja ambayo lazima ifanywe na mtu.