Silanti ya kupuliza: kidogo tu, na bodi iwe baridi

Mara ya kwanza niliipaka Toyota IST yangu silanti, ile dawa ya kulinda rangi ya gari, saa nane mchana, nje ya nyumba hapa Dar, jua la Januari likiwaka. Tena IST yenyewe nyeusi. Nikapuliza boneti nzima kama namwagilia mchicha, nikageuka kuchukua taulo. Narudi, dawa imeshakauka. Nilisugua mpaka jasho likadondokea rangi. Usiku taa ya barazani ilipowaka, boneti ilikuwa na mabaka ya rangirangi kama dizeli iliyomwagika kwenye dimbwi.

Siku hizi naanza asubuhi mapema, kivulini. Naweka kiganja kwenye boneti. Nikihisi joto, nasubiri. Naosha kwa shampuu ya gari, sabuni ya unga nilishaiacha. Maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, kwa hiyo sikubali tone likauke lenyewe. Vitasa na vioo vya pembeni navifuta mara mbili, maana maji yaliyojificha humo hungoja uanze kupaka ndipo yatiririke. Halafu navaa mfuko wa mkate mkononi (ile ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku 2019) na kuupitisha juu ya rangi. Ukiparuza kama msasa, kuna uchafu ulioganda, na silanti itaufunika tu. Hapo natumia kwanza ule udongo maalumu wa kusafishia rangi, pamoja na maji ya shampuu ili uteleze.

Kupaka kwenyewe ni kazi fupi. Nachukua mataulo mawili ya maikrofaiba. Napuliza mara mbili kwenye taulo, si kwenye bodi, napaka mlango mmoja tu: kwenda na kurudi, kisha juu na chini. Ubaki utando mwepesi, kama pumzi kwenye kioo. Kabla haujakauka nafuta kwa taulo la pili, nageuza upande, nafuta tena. Taulo likianza kuvuta badala ya kuteleza, limeshalowa, nachukua jingine. Baka likibaki, usilisugue kwa nguvu: lipulizie kidogo dawa ileile, litalainika, ufute papo hapo.

Kioo cha mbele nakiruka, waipa zisije zikaanza kurukaruka na kupiga kelele. Diski za breki ndiyo kabisa, usizisogelee. Nikimaliza, gari halioni maji mpaka kesho yake.

Kuna silanti nyingine hupulizwa bodi ikiwa bado imelowa, kisha ikasuuzwa hapohapo kwa maji ya kasi. Hiyo nimewaachia wenye maji ya bomba ya DAWASA, yasiyo na chumvi kama ya kisima chetu.