Baraza la Wayunani na Mkutano wa Kijiji

Neno la Kiyunani ekklesia twalijua katika Agano Jipya, maana yake kanisa. Lakini kabla ya Mitume kulitumia, lilikuwa jina la baraza la wenyeji wa Athene. Hata Matendo 19 yalitumia hivyo katika habari za ghasia ya Efeso, ambako wengi hawakujua sababu ya kukusanyika. (Watu wa namna hiyo wangaliko.)

Yapata mwaka 508 kabla ya Kristo, Cleisthenes aliutengeneza upya utawala wa Athene. Kila mwanamume mwenye uraia aliweza kupanda kilima cha Pnyx, akasema neno lake na kuinua mkono wake. Hawakutuma wajumbe, walikwenda wenyewe. Wanawake, watumwa na wageni hawakuwa na sauti, wala hatulifichi hilo.

Atafutaye mfano wake kwetu huenda akalitazama Bunge. Sisi twaona asilitazame, kwa kuwa Bunge ni la wajumbe. Na aje Kisarawe siku ya mkutano mkuu wa kijiji. Kwa sheria ya mwaka 1982, kila mkaaji wa kijiji aliyetimiza miaka 18 ni mshiriki wake, mwanamke sawa na mwanamume. Hatusemi kwamba Wayunani ndio waliowafundisha Wazaramo kuketi shaurini. Wazee wetu walikuwa na mabaraza yao. Lakini wazo kwamba si mkuu wa ukoo peke yake, bali kila mtu mzima ana sauti moja, lilipita Ulaya ndipo likaandikwa katika sheria zetu.

Wala si jambo dogo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Mwaka 2009 kampuni moja ya Uingereza ilipata, kwa miaka 99, zaidi ya hekta 8,000 wilayani mwetu, zilizokuwa za vijiji 11, ipande mibono ya kutoa mafuta. Mwaka 2011 kazi ilikoma. Vibarua walirudi makwao, lakini ardhi haikuvirudia vijiji papo hapo, maana ilikwisha kutoka mikononi mwao kisheria. Je, shauri lile liliposomwa vijijini, ni wangapi walikuwapo, na wangapi waliuliza masharti yake?

Waathene nao walisumbuliwa na utoro, hata baada ya mwaka 403 kabla ya Kristo wakaanza kuwalipa watu ili wahudhurie. Kwetu hakuna malipo. Mkutano hupaswa kuitishwa kila miezi mitatu, na muhtasari wa uliopita husomwa kwanza.