Koili ya Moto ya Pikipiki: Lini Yaweza Kubadilishwa na ya Mashine Nyingine

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka mikoa ya Shinyanga na Mwanza, ni nchi ya pamba, ya mifugo na ya safari ndefu. Kati ya mji wa Bariadi na vijiji vya Itilima, Maswa, Meatu na Busega, pikipiki hubeba mkulima, mgonjwa, mwalimu na gunia. Nyingi za leo ni mashine mpya kama Bajaj Boxer na TVS. Hata hivyo, mashine zilizoundwa miaka ya 1970 na 1980, kama vile Honda CG125, Suzuki A100 na Yamaha DT175, hazijatoweka nchini, na wenye kuzimiliki huzithamini.

Mashine ya namna hiyo ikikosa moto, koili yake halisi ni adimu kupatikana. Fundi hulazimika kuchukua koili ya pikipiki nyingine na kuifunga. Hapo huweza kutokea mambo matatu: injini yaweza kuwaka na kutumika kwa miaka, yaweza kuwaka asubuhi na kuzimika njiani jua likishapanda, au pointi zaweza kuungua siku hiyo hiyo. Matokeo hayo si suala la bahati. Yanafuata kanuni za umeme ambazo mwanafunzi wa sekondari anaweza kuzikokotoa kwa kalamu na karatasi.

Kazi ya koili

Ili cheche iruke kwenye plagi, ndani ya silinda yenye mchanganyiko wa petroli na hewa uliokandamizwa, huhitajika volti elfu kumi au zaidi. Betri ya pikipiki ina volti 6 au 12 tu. Koili ndiyo inayoziba pengo hilo.

Ndani ya koili mna kiini cha chuma kilichozungushiwa nyaya mbili. Mzingo wa kwanza ni wa waya mnene kiasi, wenye mizunguko michache. Mzingo wa pili ni wa waya mwembamba mno, wenye mizunguko maelfu kadhaa. Mwaka 1831 Michael Faraday wa Uingereza alionyesha kwamba sumaku inayobadilika huzaa umeme katika waya ulio karibu nayo. Yafaa neno "inayobadilika" litiliwe mkazo: mkondo uliotulia katika mzingo wa kwanza hauzai chochote katika mzingo wa pili. Cheche huzaliwa pale tu mkondo unapobadilika kwa ghafla.

Lambo na mfereji

Koili zote hufuata kanuni hiyo moja, lakini hazipati nishati kwa njia moja. Hapa ndipo chanzo cha makosa mengi.

Njia ya kwanza ni ya betri na pointi. Mmarekani Charles Kettering aliiendeleza, na ikatumika katika magari ya Cadillac ya mwaka 1910. Pointi ni vibao viwili vya metali vinavyogusana na kuachana kadiri injini inavyozunguka. Zinapogusana, mkondo wa betri hupita katika mzingo wa kwanza na kujenga uga wa sumaku. Zinapoachana, uga huo huporomoka na cheche hutokea. Kondensa iliyofungwa sambamba na pointi huzuia mkondo usiruke kati ya vibao, hivyo uga huporomoka upesi. Katika njia hii koili ni kama lambo: hujazwa polepole, kisha hufunguliwa kwa mara moja. Baadhi ya mashine hutumia transista badala ya pointi, lakini koili zake nazo ni za ukoo huu wa lambo.

Njia ya pili ni ile inayoitwa CDI, ambayo hutumika katika pikipiki nyingi ndogo za leo. Hapa nishati huwekwa kwanza katika kapasita iliyo ndani ya kisanduku cha CDI, kwa volti 200 hadi 300 hivi. Wakati wa cheche ukifika, kapasita humwaga nishati yote katika koili kwa mara moja. Koili ya CDI basi si lambo, ni mfereji. Kazi yake ni kupitisha na kukuza volti, si kuhifadhi nishati.

Njia ya tatu ni ya magneto. Sumaku zilizo katika gurudumu la injini hupita mbele ya mzingo wa stata na kuzalisha umeme, bila betri kuhitajika. Pointi huachana wakati ambapo mkondo huo umefikia kilele chake. Koili ya mfumo huu imepimwa ilingane na stata yake. Ukiiondoa na kuweka ya betri, mara nyingi mkondo wa stata haufiki kiasi kinachotakiwa na cheche huwa hafifu.

Hesabu zinasema nini

Tuchukue koili ya betri ya volti 12 ambayo mzingo wake wa kwanza una ukinzani wa omu 4 na indaktansi ya milihenri 8. Mkondo wake ukikamilika ni 12 ÷ 4, yaani ampea 3. Nishati ya sumaku hupatikana kwa kanuni:

Nishati = ½ × L × I²

= ½ × 0.008 × 9 = juli 0.036, yaani milijuli 36.

Sasa koili hiyo ifungwe katika mashine ya volti 6. Mkondo unakuwa ampea 1.5, na nishati milijuli 9 tu. Volti zimepungua kwa nusu, lakini nishati imebaki robo, kwa kuwa mkondo umo katika kanuni kwa kipeo cha pili. Mashine kama hiyo yaweza kuwaka ikiwa plagi ni mpya na betri imejaa, kisha ikakataa siku betri itakapolegea.

Kinyume chake pia kina hasara. Koili ya volti 6 yenye ukinzani wa omu 1.5 hutumia ampea 4 katika mashine yake, na joto lake ni wati 24. Ikifungwa katika mashine ya volti 12, mkondo huwa ampea 8 na joto wati 96, yaani mara nne. Cheche itakuwa kali mno mwanzoni, na mwenye pikipiki atafurahi. Lakini koili itachemka na pointi zitaungua. Dawa yake yajulikana: hufungwa kikinzani cha omu 1.5, chenye uwezo wa kustahimili wati zisizopungua 24, kwa mfululizo na koili. Jumla ya ukinzani huwa omu 3, na mkondo hurudi kuwa ampea 4.

Kosa kubwa zaidi ni kufunga koili ya CDI katika mfumo wa betri na pointi. Mzingo wake wa kwanza huweza kuwa na ukinzani wa omu 0.3 tu. Kwa hesabu, betri ya volti 12 ingepitisha ampea 40. Nyaya na betri zenyewe hupunguza kiasi hicho, lakini kinachobaki chatosha kukata fyuzi au kuunguza pointi. Na kwa kuwa mfereji si lambo, hata cheche yake haiwi ya maana.

Koili ya betri ikifungwa kwenye CDI, hakuna kinachoungua kwa kawaida, bali cheche huchelewa. Kapasita ya mikrofaradi 1 iliyojazwa volti 250 ina nishati ya ½ × C × V², ambayo ni takriban milijuli 31. Muda wa kuimwaga hutegemea kipeuo cha pili cha L × C, yaani kadiri ya √(L × C). Ikiwa koili ya CDI ina milihenri 0.3 na ya betri ina milihenri 8, muda huo huongezeka takriban mara 5. Volti zinazopanda polepole hupata nafasi ya kuvuja kupitia masizi yaliyo kwenye plagi, na injini ya mipigo miwili, inayochoma oili pamoja na petroli, haikosi masizi.

Kwa nini huzimika jua likipanda

Ukinzani wa shaba huongezeka kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Koili ya omu 4 ikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 85, ukinzani wake hufikia omu 4.9 hivi, mkondo hushuka hadi ampea 2.4, na nishati hadi takriban milijuli 24. Theluthi ya nguvu imepotea bila kitu chochote kuharibika. Koili nzima huvumilia upungufu huo. Lakini koili ambayo haikulingana na mashine tangu mwanzo haina akiba ya kuvumilia, nayo ndiyo inayomwacha msafiri katikati ya mbuga. Zaidi ya hayo, rangi ya kuhami waya ikichakaa, umeme huvuja ndani kwa ndani koili inapopata joto. Kasoro hiyo haionekani kwa kupima koili ikiwa baridi.

Jaribio la darasani

Mita nyingi za bei nafuu hazipimi kwa usahihi ukinzani ulio chini ya omu 1. Darasa laweza kutumia njia nyingine. Vifaa ni betri ya volti 12, taa ya wati 21 ya kuonyesha kona, ameta, voltimeta na koili mbili au tatu za aina mbalimbali.

1. Waya wa plagi ufungwe kwenye plagi, na chuma cha plagi kiunganishwe na mwili wa koili na upande hasi wa betri.
2. Betri, ameta, taa na mzingo wa kwanza viunganishwe kwa mfululizo.
3. Wanafunzi wasome mkondo, na volti zilizopo kati ya ncha mbili za mzingo wa kwanza.
4. Ukinzani upatikane kwa kugawa volti kwa ampea.

Kwa koili ya CDI, taa itawaka karibu kama kawaida. Kwa koili ya omu 4, mwanga utafifia. Mwalimu ahakikishe kwamba hakuna anayegusa ncha za koili wakati saketi inakatwa, kwa kuwa hapo ndipo umeme mkali huzaliwa. Petroli isiwepo karibu. Kisanduku cha CDI kisifunguliwe, kwani kapasita yake huweza kubaki na umeme hata injini ikiwa imezimwa.

Kabla ya kubadilisha koili

Fundi mwangalifu huanza na vitu vya bei ndogo. Hukagua plagi na kofia yake, husafisha pointi, hujaribu kondensa nyingine, kisha huondoa kutu na matope chini ya bolti ya koili, maana koili nyingi za magneto na CDI hutegemea mwili wa pikipiki kukamilisha saketi. Udongo mweusi wa Simiyu ukikauka hapo, koili nzima huonekana kama iliyokufa.

Ikibidi kubadilisha, ajiulize maswali matatu: mashine ni ya betri na pointi, ya magneto, au ya CDI? Ni ya volti ngapi? Ukinzani wa mzingo wa kwanza ni omu ngapi? Majibu yote matatu yakilingana, koili ya mashine nyingine yaweza kutumika, hata kama umbo lake ni tofauti na matundu yake ya bolti hayaelekeani. Yasipolingana, kufanana kwa umbo hakuna faida.

Maswali

1. Koili yenye ukinzani wa omu 3 imeunganishwa na betri ya volti 12. Tafuta mkondo na joto kwa wati.
2. Kapasita ya mikrofaradi 1 hubeba nishati kiasi gani ikijazwa volti 200? Na volti 300?
3. Eleza kwa nini kondensa mbovu husababisha cheche dhaifu ingawa koili ni nzima.

Majibu: (1) ampea 4, wati 48. (2) milijuli 20, milijuli 45. (3) Mkondo huendelea kuruka kati ya pointi, hivyo uga wa sumaku huporomoka polepole.